Ubao wa Hashim na Viti vya Muhdhar

Ndau, 22 Mfungo Tano 1331
(mwisho wa Januari 1913)

Kwa shemeji yangu na mwenzangu wa chuo kimoja cha Kurani, Muhdhar bin Shekhan, Amu.

Salamu nyingi, nawe umfikishie dada yangu Hadia zake. Sisi tu wazima, ila masikio yamechoka. Tangu Ijumaa kila anayeshuka pwani ya Ndau analeta habari moja tu: Muhdhar amekuwa mwalimu wa Kurani katika skuli mpya ya serikali. Nimeisikia kwa muuza mafuta ya taa, nimeisikia kwa mleta mchele, na nimeisikia kwa mama mmoja asiyejua skuli ni kitu gani, akadhani umefungwa, akakuombea dua. Wewe mwenyewe hukuniandikia hata mstari mmoja.

Hongera. Nasema tena, hongera.

Naambiwa umepewa kiti, kiti chenye mikono, na meza mbele yake. Nifahamishe basi, maana sisi wa visiwani hatujui mambo: unaposomesha maneno ya Mungu, wewe huwa umekaa juu hivyo, miguu inaning'inia? Mwalimu wetu Badawi, Mungu amrehemu, alitusomesha miaka tisa juu ya mkeka mpaka magoti yake yakaota sugu. Lakini serikali inajua zaidi yake. Naambiwa pia mna kengele. Sisi hapa kengele yetu ni jua likifika kizingitini.

Sina wivu. Mtu akikwambia Gharib ana wivu, mkane. Nakumbuka tu ni nani aliyekuwa akiitwa kusoma mbele ya watu kila Maulidi, na ni nani aliyebaki uani akiosha wino kwenye mbao za watoto. Labda hao waliotafuta mwalimu hawakuuliza. Au waliuliza, na wa kuwajibu alikuwa wewe. Asiyekuwapo na lake halipo, nami niko Ndau.

Wasalamu,
Gharib bin Wazir


Amu, 2 Mfungo Sita 1331

Kwa ndugu yangu Mwalimu Gharib bin Wazir, Ndau.

Barua yako imefika. Mimi nimeisoma mara mbili, na Hadia ameisoma mara moja ikamtosha.

Sikukuandikia kwa kuwa wewe ndiye uliyenyamaza kwanza, na aliyenyamaza hasumbuliwi. Tuliache hilo.

Nikueleze skuli ilivyo, usiisikie kwa wauza mafuta. Bwana DC alipotaka kuifungua, watu wa mji walikataa kumpa hata mtoto mmoja. Walisema mwisho wa skuli ya Wazungu ni kanisa. Ndipo Bwana Abdulhalim na wazee wenzake wakaweka masharti: Ijumaa isiwe siku ya kusoma, adhuhuri watoto wapelekwe msikitini, na saa ya kwanza ya kila siku iwe ya Kurani, kabla ya hesabu na Kizungu. Yote yakakubaliwa. Mwalimu mkuu ni Mzungu kijana, mwembamba, anaumwa homa kila baada ya wiki mbili, na Kiswahili chake kinatosha kuomba maji tu. Si mtu mbaya.

Kiti kipo. Siku ya kwanza nilikikalia nikaona haya, nikashuka nikatandika mkeka. Mzungu alipoona nimekaa chini akadhani kiti kimevunjika, akaniletea kingine. Sasa ninavyo viwili, vyote vimeegemezwa ukutani, nami niko mkekani.

Lililonifanya niandike ni hili. Abdulkadir, yule mwuza samaki wa ng'onda wa huko kwenu, anahamia Amu, na mwanawe Hashim ataingia skuli. Mtoto ni wako. Umemsomesha tangu alifu, naye amebakiwa na Sura ya Baqara peke yake ahitimu. Ubao wake uko chuoni kwako. Unakumbuka alivyokuwa akisema marehemu mwalimu: mtoto anayehama chuo bila kukabidhiwa ubao kwa mkono wa mwalimu wake, asomalo halikai. Mimi simpokei bila radhi yako, na hakuna mwalimu Amu nzima atakayempokea. Msomee Fatiha, mpe ubao wake, aje.

Nduguyo,
Muhdhar bin Shekhan


Ndau, 14 Mfungo Sita 1331

Kwa Mwalimu Muhdhar, mwenye viti viwili.

Maulidi yamepita salama. Nimesoma mbele ya wavuvi arobaini na mbuzi mmoja aliyekata kamba. Nyinyi nasikia mlisoma mbele ya mji mzima, na safu ya mbele walikaa watoto wa skuli na kofia mpya. Mungu azidishe.

Hashim alikuja jana kuniaga. Baba yake amekwisha kumpeleka kuitazama hiyo skuli kwa siku mbili. Akasimama mlangoni, akanyosha mikono yote miwili kupokea ubao. "Mwalimu, naomba radhi," akasema. "Na kulla nikipata ndia n'takuya kukuzuru." Nikamuuliza, kule kuna nini ambacho hapa hakuna? Akafikiri kwanza. Ni mtoto mkweli, nimemfunza mwenyewe. Akasema, "Kule kuna ramani, Mwalimu. Nti zote za dunia zi ukutani." Nikamuuliza, na Ndau iko wapi katika ramani hiyo? Akasema hakuiona.

Ubao nimeutundika tena msumarini pake.

Mwambie Abdulkadir kwamba radhi si ng'onda, haipimwi sokoni. Miaka sita nimemshika mtoto yule mkono, herufi kwa herufi. Nilimfundisha kuchonga kalamu ya mwanzi, nikamfundisha kunyamaza pale pa kunyamaza. Sasa imebaki sura moja, nawe unyoshe mkono uvune, uupambe ubao wake wa khitma kwa wino wa serikali, na mji useme mwanafunzi wa Muhdhar amehitimu. Zamani ulikuwa ukiosha mbao. Leo unataka kuosha jina langu.

Na jambo moja hukuniandikia, ila mtoto kaniambia. Mzungu akiingia darasani watoto husimama, hata wakiwa katikati ya aya. Ni kweli au si kweli?

Gharib bin Wazir


Ndau, 15 Mfungo Sita 1331

Kwa mheshimiwa Bwana Abdulhalim, mkuu wa wazee wa skuli, Amu.

Baada ya salamu na heshima. Mimi ni mwalimu mdogo wa kisiwa kidogo, wala sina ninachotaka kwa kuandika haya isipokuwa kuitetea dini. Nimepata habari kwa mtu aliyeona kwa macho yake kwamba katika skuli yenu watoto wa Kiislamu huikata aya na kumsimamia Mzungu aingiapo, na kumwinamishia vichwa, Misahafu ikiwa wazi mbele yao. Mwalimu wa Kurani yumo humo humo na hasemi neno. Mlikhofu kanisa, nanyi mkaweka masharti lisiingie. Naogopa limeingia kwa mlango wa nyuma.

Nimeandika ili nisije nikaulizwa kesho mbele ya Mungu.

Gharib bin Wazir, mwalimu wa chuo, Ndau


Amu, 26 Mfungo Sita 1331

Ndugu yangu Gharib,

Umeniuliza nami nakujibu. Ni kweli, ilikuwa hivyo wiki ya kwanza, na Hashim aliyaona siku hizo. Walisimama, hawakuinama. Mimi nilichelewa kusema kwa sababu niliogopa, nakwambia wazi. Kisha nikamfuata Mzungu nje, nikamwambia, "Bwana, maneno haya hayakatwi." Nikarudia mara tatu kwa ishara ya mkasi. Siku ya pili alikuja akasimama mlangoni, kofia mkononi, akangoja mpaka aya ikaisha. Sasa hufanya hivyo kila siku. Watoto wamekwisha kumjua, na siku wasiyotaka hesabu huchagua aya ndefu na kuisoma polepole, naye yuko pale pale juani anatoka jasho.

Nimeona nikueleze upesi kabla neno halijatembea.

Kuhusu ubao, sitakuomba mara ya pili. Mtoto anakaa nyumbani kwa baba yake asubuhi, watoto wenzake wakisoma Kurani. Ikilia kengele ya hesabu ndipo anapoingia.

Muhdhar


Amu, 10 Mfungo Nane 1331
(Aprili)

Kaka yangu Gharib,

Sikukuandikia muda mrefu kwa kuwa kila nikiianza barua naichana. Hii ya leo nimeiacha.

Barua yako kwa Bwana Abdulhalim ilisomwa msikitini baada ya sala ya Ijumaa. Hukutaka isomwe? Basi ungeandika neno jingine. Jumamosi, katika watoto arobaini na watatu, waliokwenda skuli ni tisa tu. Wazee wakagombana, huyu anasema Muhdhar amesaliti, huyu anasema aulizwe kwanza. Muhdhar akaeleza habari ya mlango na kofia, nao wakamwambia, lete shahidi asiye mtoto. Shahidi ni nani? Mzungu mwenyewe! Bwana DC alipochoka na kelele akasema, maadamu hamkubaliani nani asomeshe, saa ya Kurani naifuta mpaka mtakapokubaliana, watoto wachore ramani. Watoto wamerudi kidogo kidogo kwa ajili ya Kizungu, maana baba zao wanataka ukarani. Sasa kengele ya asubuhi ikilia, haisomwi hata aya moja. Lile sharti walilolipigania wazee mwaka mzima umelifuta wewe, mtetezi wa dini, kwa karatasi moja.

Muhdhar yuko nyumbani. Anatengeneza kitasa ambacho si kibovu.

Naye alikuandikia habari ya kofia kabla barua yako haijasomwa. Nilimwona akiifunga ile barua. Ilikufikia, nawe ulijua kweli, ukakaa kimya. Hilo ndilo linaloniuma mimi, kaka. La kwanza ningesema ni hasira.

Na wivu wa nini? Sisi sote tulijua sauti yako. Ulikitaka kiti kile? Ungekichukua ulipoitwa. Ulikataa mwenyewe, tena kwa kunyamaza, bila hata ya neno la adabu kwa wazee. Kisha aliyekaa pale ulipopakataa ukamfanyia hivi.

Dadako,
Hadia


Ndau, 17 Mfungo Nane 1331

Hadia,

Nilikataa nini? Niliitwa na nani? Nijibu kwa chombo hiki hiki, nahodha nimemwambia angoje jibu lako.

Gharib


Amu, 19 Mfungo Nane 1331

Uliitwa na wazee, kabla ya skuli kufunguliwa, mwezi wa Mfungo Nne. Barua ilipelekwa na askari wa serikali, bahasha kubwa yenye lakiri nyekundu. Ndani mlikuwa na maneno ya wazee, na ya mume wangu pia. Usiniambie haikufika. Askari alirudi akasema amekupa mkononi.

Hadia


Ndau, 23 Mfungo Nane 1331

Kwa ndugu yangu Muhdhar bin Shekhan.

Nakuandikia nikiwa nimekaa sakafuni pa chuo. Karatasi chakavu zimenizunguka na watoto nimewarudisha makwao.

Bahasha ilifika. Naikumbuka vizuri. Niliona lakiri, nikaona askari, nikajua ni serikali inataka kuhesabu watoto wangu iwachukue. Barua ya serikali haijapata kuleta heri kwangu. Nilitaka kuichoma bila ya kuifungua. Lakini juu yake paliandikwa kwa herufi zetu kwamba inatoka kwa Abdulhalim, nikadhani anawaandikia wao, na al-Halimu ni jina la Mungu. Jina la Mungu halichomwi. Basi nikafanya kama tufanyavyo sote, nikaitia katika kile kifuko kinachoning'inia ukutani, chenye kurasa zilizochanika za Misahafu, ingoje kuzikwa mahali safi kabla ya Ramadhani. Nikajiona mcha Mungu.

Jana nimekimwaga kifuko chote. Ilikuwa chini kabisa, lakiri haijavunjika.

Maneno ya wazee sitayarudia. Ya kwako nayanakili hapa, ujue nimeyasoma, maana yamenichelewea miezi minne:

"Gharib ndugu yangu. Wameniuliza mimi nani asomeshe Kurani katika skuli. Nimewatajia wewe. Nimewaambia kwamba marehemu mwalimu alikuwa akifumba macho wewe ukisoma, na mimi nikisoma alikuwa akiyafumbua. Nyumba ya kukaa wewe na wanao nimekwisha kuipata, ni jirani na kwetu. Ukikubali, njoo kabla ya mwezi kuisha. Usipojibu tutajua moyo wako haukutaka, nami nitashika mahali hapo ili pasishikwe na mtu wa ovyo."

Muhdhar, nilikuonea wivu kwa kitu ulichonipa mwenyewe. Nilikitundika ukutani kwangu, kila siku nakaa chini yake nakutukana.

Na Hadia amesema kweli. Barua yako ya kofia ilinifika. Niliisoma nikacheka peke yangu kwa habari ya Mzungu juani, kisha nikanuna kwa kuwa umenichekesha. Ningeweza kumwandikia Bwana Abdulhalim siku ile ile. Sikutaka. Nilitaka kwanza uonje.

Pamoja na hii iko barua nyingine ya Bwana Abdulhalim, haikufungwa, uisome. Nimetaka isomwe msikitini Ijumaa, pale pale iliposomwa ile ya kwanza. Nimeandika kwamba Mzungu husubiri mlangoni, kwamba nililijua hilo nikaficha, na kwamba sikuandika kwa ajili ya dini bali kwa husuda. Neno hilo nimeliandika kwa mkono mkubwa, lisomeke na mwenye macho mabovu.

Hashim mwambie aje kuchukua ubao wake. Nitampa kwa mkono wangu.

Mkosaji wako,
Gharib


Amu, 20 Mfungo Tisa 1331

Ndugu yangu Gharib,

Barua yako ilisomwa. Kisha mzee mmoja nyuma akasema, "Huyu angalau una mato ya kujiona," na watu wakatoka. Saa ya Kurani imerudi tangu wiki iliyopita. Watoto wamefika thelathini na wanane. Mzungu amerudi mlangoni pake.

Hashim kafika na ubao, ameukumbatia kifuani. Kasema ulimsomea Fatiha mara tatu.

Sasa nisikilize mimi. Hadia anadhani mimi ni malaika, nami nimechoka kudhaniwa hivyo.

Nilipoandika maneno yale uliyoyanakili niliyaandika kwa moyo mmoja. Lakini siku zilipopita usijibu, nilifurahi. Wazee walisema, tupeleke barua ya pili? Nikasema hapana, namjua, amekataa. Amu na Ndau ni safari ya siku moja kwa upepo mzuri. Ningeweza kuja kukuuliza kwa mdomo. Kila asubuhi nilisema nitakwenda, na kila asubuhi niliomba usije. Maisha yangu yote nilikuwa wa pili, Gharib. Nilikuwa nikiosha mbao na kukusikiliza wewe ukisomea ndani, na mikono yangu ilikuwa imejaa wino wa wenzangu. Nikasema mara hii moja, Mungu anisamehe, mara hii moja.

Kwa hiyo wivu hukuuanza wewe. Tulikuwa nao wote wawili chuoni, ila wako una sauti.

Nimekwisha kumwambia Bwana Abdulhalim haya yote. Amesema mahali ni pako tangu mwanzo, na wazee wako tayari kukuita tena. Nami nimesema sitakaa pako. Njoo. Hashim amefika nusu ya Baqara, na khitma yake tumeitia siku ya Miiraji. Uje ummalizie wewe uliyemwanzisha.

Muhdhar


Ndau, 2 Rajabu 1331
(Juni 1913)

Kwa Muhdhar, ndugu yangu.

Nakitaka kiti kile. Wallahi nakitaka hata sasa ninapoandika. Nimekesha siku mbili nikijisomea kwa sauti kama kwamba niko mbele ya watoto arobaini na Mzungu mlangoni, na mke wangu ameniuliza kama nina homa.

Lakini hapa nina watoto kumi na wanne. Jana niliwaambia huenda nikahama. Mmoja wao, ambaye hata alifu yake inalala, akaenda msumarini akautoa ubao wake, akauficha nyuma ya mgongo ili nisiweze kumpa nikamwacha. Basi nimebaki. Nitabaki na wivu wangu, nimeuzoea, ni kama jino lenye tundu. Sitakuahidi kwamba utaisha.

Hashim amalize kwako. Umeshika sura moja, mimi nimeshika zote nyingine, lakini hiyo moja ndiyo ndefu kuliko zote, nayo umeichukua baada ya kutukanwa. Ubao wa khitma upambe wewe, una mkono mzuri wa kuandika, jambo ambalo sijapata kukwambia kwa miaka ishirini. Majina ya walimu yaandike mawili, lako litangulie. Nikifika nikakuta umelitanguliza langu kwa adabu, nitauosha ubao mbele ya watu.

Nakuja kwa Miiraji. Nataka jambo moja, usilicheke. Kile kiti cha pili kitoe ukutani, ukiweke karibu na mkeka wako. Watoto wakiwa hawajaingia, niache nikikalie peke yangu kidogo. Kisha nitashuka.

Gharib